MTOTO APEWE RAKETI YA KIMO CHAKE

Hakuna mwanafunzi asiyeijua methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Tumeiandika katika insha hadi kalamu zikachoka. Lakini nikitazama jinsi watoto wadogo wanavyofunzwa tenisi hapa kwetu, naona kana kwamba tuliikariri tu bila kuielewa. Samaki mbichi hukunjwa kwa utaratibu. Ukitumia nguvu atakatika.

Hebu tuangalie vipimo. Uwanja kamili wa tenisi una urefu wa mita 23.77. Raketi ya mtu mzima ina urefu wa takriban sentimita 68, na ule mpira wa manjano ukidunda humpita mtoto kichwani. Sasa mtoto wa miaka sita atauchapaje? Mdogo wangu, aliye gredi ya pili, alipelekwa mahali fulani kujifunza mchezo huu. Alipewa raketi iliyomfika kiunoni, akasimamishwa kwenye mstari wa nyuma kama watu wazima. Siku ya tatu alirudi nyumbani mkono ukimuuma, akasema eti yeye hajui michezo. Mtoto wa miaka saba tayari amejihukumu! Jambo hili lilinikera sana, kwa maana kosa halikuwa lake.

Isitoshe, dawa ya tatizo hili imekwisha patikana. Mnamo mwaka wa 2007, Shirikisho la Kimataifa la Tenisi (ITF) lilianzisha kampeni ya kuwafunza wanaoanza kwa mipira isiyo na kasi. Mpira mwekundu hupunguzwa kasi kwa takriban asilimia 75, wa rangi ya chungwa asilimia 50, na wa kijani asilimia 25. Mtoto wa miaka mitano hadi minane huanza na mwekundu katika kiwanja cha mita 11 hivi, wavu ukiwa wa sentimita 80 na raketi ikiwa fupi na nyepesi. Akikomaa huenda kwenye kiwanja cha mita 18 na mpira wa chungwa, kisha uwanja kamili na mpira wa kijani. Tangu Januari 2012, mashindano ya watoto wa miaka 10 kwenda chini hayaruhusiwi kutumia mpira wa manjano wa kawaida.

Wapo watakaosema kuwa mtoto akizoeshwa rahisi hataweza kigumu. La hasha! Sisi sote tulijifunza kandanda kwa mpira wa makaratasi uliofungwa kamba, magoli yakiwa mawe mawili. Nani alituambia tungoje hadi tufike Kasarani? Mtoto anayerudisha mpira mara kumi mfululizo anajifunza kulenga, kusogea na kuhesabu pointi. Yule anayeokota mipira tu anajifunza kuokota.

Wengine nao hudai kuwa tenisi ni mchezo wa matajiri. Angella Okutoyi alilelewa na nyanya yake jijini Nairobi. Mwaka wa 2022 alitwaa taji la wasichana chipukizi la wachezaji wawili wawili kule Wimbledon, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, akawa Mkenya wa kwanza kushinda taji la chipukizi la Grand Slam. Je, akina Okutoyi wangapi wanapita mbele ya lango letu kila jioni wakitoka shule ya msingi?

Hapa shuleni tuna uwanja wa simiti wa mpira wa vikapu ambao Jumamosi hukaa bure. Upana wake ni mita 15, kwa hivyo viwanja vidogo vitatu vinaweza kuchorwa kwa chaki, kimoja kando ya kingine. Wavu unaweza kuwa kamba iliyofungwa kati ya viti viwili. Raketi fundi seremala anaweza kuzikata kutoka kwa mabaki ya mbao nyembamba, na mpira wa sponji hauumizi mtu. Tukipata pesa baadaye tutanunua vifaa halisi.

Najua sisi wa shule ya kutwa hatuna wakati. Kuna masomo, kuna kuteka maji, kuna KCSE inayotungoja. Hata hivyo, saa moja ya Jumamosi kwa zamu haitamwangusha mtu mtihani. Nawaomba walimu wetu wa michezo waturuhusu, na wenzangu wa kidato cha tatu wajitolee kuwasimamia watoto hao.

Kabla sijaweka kalamu chini, nawauliza wazazi na walimu: mbona mtoto tunamshonea sare ya kimo chake na kumpa kiti cha kimo chake, lakini uwanjani tunamdai awe mtu mzima? Tumpunguzieni uwanja. Kukua atakua mwenyewe.