Upole wa Mfalme Louis Haukutosha

Pamekuwa na ubishi mwingi katika kidato chetu juu ya Mfalme Louis wa Kumi na Sita wa Ufaransa, aliyekatwa kichwa mjini Paris tarehe 21 Januari, 1793. Wengi husema aliuawa kwa kuwa alikuwa katili. Wengine humtwika mkewe, Malkia Marie Antoinette, lawama zote kwa sababu ya anasa zake. Mimi siafikiani nao.

Katili hakuwa. Alishika ufalme mwaka 1774 akiwa kijana wa miaka 19, yaani amenizidi miaka miwili tu. Alipenda kuwinda, kusoma jiografia, na kutengeneza kufuli kwa mikono yake mwenyewe. Mwaka 1780 alikomesha desturi ya kuwatesa washtakiwa ili wakiri makosa. Mwaka 1787 aliwaruhusu Waprotestanti kuandikisha ndoa zao na watoto wao kisheria. Je, hayo ni matendo ya katili?

Basi kilichomwangusha ni nini? Naona ni kukosa msimamo. Serikali yake ilielemewa na madeni, na vita vya kuwasaidia Wamarekani tangu 1778 viliyazidisha. Makabaila na makasisi walisamehewa kodi nyingi, na mzigo ukamwangukia mkulima. Lakini dawa ilikuwa imeonekana mapema. Waziri wake wa fedha, Turgot, alitaka wakulima wasilazimishwe tena kutengeneza barabara bila malipo, bali wenye ardhi walipe kodi ya kazi hiyo. Wakubwa wakapiga kelele, na mwezi wa Mei, 1776, mfalme akamwondoa Turgot kazini.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Louis aliuona ufa, akamwita fundi, kisha akamfukuza kwa sababu wakubwa wa nyumba walichukizwa na vumbi.

Miaka 13 baadaye hazina ilikuwa tupu, ikambidi aite Baraza la Matabaka Matatu, ambalo halijakutana tangu 1614. Lilifunguliwa Versailles tarehe 5 Mei, 1789. Hapo pia alisitasita: leo akubali matakwa ya watu, kesho akusanye askari. Tarehe 14 Julai watu wa Paris wakaiteka ngome ya Bastille. Usiku wa tarehe 20 Juni, 1791, alitoroka na jamaa yake katika mavazi ya kujificha, akaacha waraka wa kuyakana mambo aliyokwisha kuyakubali. Walikamatwa Varennes, wakarudishwa. Septemba mwaka huo huo akaapa kuilinda katiba. Nani angemsadiki tena? Tarehe 10 Agosti, 1792, jumba lake la Tuileries lilivamiwa, na mwezi uliofuata ufalme ukafutwa.

Sisemi kwamba kumwua kulikuwa haki, maana baraza lililomshtaki ndilo hilo hilo lililomhukumu. Wala sisemi kazi yake ilikuwa nyepesi, kwani wakubwa walimzunguka pande zote. Lakini mtawala asiyeweza kuwapendeza watu wote hana budi kuchagua atakaowaudhi. Mwaka 1776 bei ya uchaguzi huo ilikuwa kununiwa na makabaila. Mwaka 1793 bei ilikuwa kichwa chake.

Ndugu wanafunzi, sisi wa Kidato cha Nne tutaondoka hapa karibuni, na baadhi yetu watapewa madaraka, makubwa au madogo. Wazazi na walimu wetu hutusifu tukiwa wapole, nasi hufurahi. Sifa hiyo ni njema, lakini haitoshi. Mpole asiyethubutu kusema "hapana" kwa wenye nguvu huwaachia wanyonge walipe, na siku ya hesabu upole wake haumwokoi yeye wala wao.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne