Makosa Yasiyopiga Kelele

Katika nyumba nyingi siku hizi yumo kijana ajifunzaye kuandika programu za kompyuta. Wengine huanza na lugha ya PHP, ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa kwa umma mwaka 1995. Programu zake hazitendi kazi katika simu ya msomaji wa tovuti, bali katika seva, yaani mashine inayowahudumia wasomaji wote. Kwa sababu hiyo, kosa la mwandishi mmoja huweza kuwadhuru watu wengi.

Makosa ya mwanafunzi ni ya namna mbili. Yapo yanayopiga kelele. Akisahau nukta mkato mwishoni mwa amri, PHP hukataa kuendelea na kutaja namba ya mstari. Asishangae akiona mstari uliotajwa hauna dosari. Atazame uliotangulia, kwani mashine hulitambua kosa ikutanapo na amri ifuatayo. Kosa hilo lisimtie hofu. Programu haikuanza kazi, na hapana aliyedhurika.

Ya kuogopwa ni yale ya kimya. Katika PHP, alama moja ya sawasawa maana yake ni "weka". Mbili au tatu maana yake ni "linganisha". Kijana akitaka kuuliza kama mgeni ni msimamizi, naye akaandika alama moja, hajauliza neno: amempa mgeni huyo usimamizi. Mlango u wazi kwa kila apitaye. Yafaa aandike tatu, kisha aijaribu programu kwa jina la mtu asiye na ruhusa.

Kubwa zaidi ni kuchanganya maneno ya mgeni na amri ya hifadhidata. Chukueni jina kama Ng'ang'a. Hifadhidata hutumia ritifaa kuonyesha mwanzo na mwisho wa maneno. Ikiikuta katikati ya jina, hudhani jina limekwisha, na herufi zifuatazo huzisoma kama amri. Wapo wanafunzi ambao hulitibu tatizo hilo kwa kuikataza ritifaa. Hiyo si dawa, ni kumnyima mtu jina lake. Ugonjwa wenyewe ni kwamba mwenye nia mbaya aweza kuandika amri yake pahali pa jina, akasoma siri za wengine au akafuta kumbukumbu zote. Dawa ni kuiandaa amri kwanza, yenye alama ya kuuliza pahali pa jina, ndipo jina lipelekwe peke yake. PDO na mysqli, zana zilizomo katika PHP, hufanya kazi hiyo.

Tena yako maneno ya siri. Kuyahifadhi kama yalivyoandikwa ni sawa na kuziacha funguo za watu barazani. Tangu mwaka 2013, PHP inayo password_hash, ambayo huligeuza neno la siri kuwa mfululizo wa herufi usiorudishika, na password_verify ya kulihakiki mwenyewe arudipo.

Wazazi nanyi mnayo sehemu yenu, hata kama hamjui kuandika amri moja. Kijana atakapowaonyesha kazi yake, msitosheke kuona kwamba inakwenda. Ombeni kuijaza fomu hiyo wenyewe, mwandike jina lenye ritifaa, kisha mmwulize maneno ya siri yanakaaje. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu ni nafuu kuuziba nyumbani, kabla wageni hawajabisha hodi.