Namba ya Mashine Si Mtu

Mpwa wangu, karani wa ofisi moja hapa Newala, amesimamishwa kazi. Hesabu za stoo zilizotunzwa katika kompyuta ya Masasi zilikutwa zimechezewa, na wakubwa wakasema wameiona humo namba ya mashine yake. Nilikwenda kuuliza, maana mjomba hakai kimya. Nikajibiwa: "Mzee, mtu hudanganya, namba haidanganyi."

Sawa, namba haikudanganya. Waliodanganyika ni walioisoma.

Ndugu msomaji, kila kadi inayounganisha kompyuta na mtandao hupewa namba yake kiwandani. Huandikwa kwa tarakimu na herufi 12: nusu ya kwanza humtaja mtengenezaji, nusu ya pili kadi yenyewe. Kazi yake ni ya jirani kwa jirani. Kompyuta ikitaka kupeleka habari kwa nyingine ofisini humo humo, kwanza huwaita wote: nani mwenye anwani hii? Mwenyewe huitika na kutaja namba ya kadi yake. Kisanduku kiitwacho swichi hukariri namba ipi iko kwenye waya upi, kikapitisha habari huko.

Nje ya ofisi mambo hubadilika. Fikiri mzigo wa kutoka Newala kwenda Tunduru. Gari moja linaushusha mlimani hadi Masasi, hapo unahamishiwa gari jingine. Jina la mpokeaji limebaki juu ya mzigo, lakini namba ya gari si ile tena. Wa Tunduru hawezi kuiona namba ya gari lililotoka Newala. Ndivyo zifanyavyo ruta: kila moja huivua namba ya kadi iliyotangulia na kuivika habari namba yake.

Basi namba ya kadi ya Newala ilifikaje Masasi? Labda programu iliibeba makusudi ndani ya mzigo. Lakini hata hivyo, namba hiyo huweza kubadilishwa kwa amri chache tu, kadi isiguswe. Simu nyingi za leo hujitungia namba nyingine kila ziingiapo kwenye mtandao mpya wa Wi-Fi.

Tuseme hata namba ni ya kweli. Mashine ile hutumiwa na makarani watatu. Gunia lenye jina langu likikutwa na korosho za wizi, je, ni mimi niliyezijaza? Ulizeni nani alikuwa na ufunguo wa chumba siku ile, nani aliingia kwa neno lake la siri, nani alishuhudia. Hayo hakuna aliyeyauliza.

Zamani mpiga ramli alitaja jina, na hakuna aliyethubutu kumwuliza amejuaje. Tuliiona ile kuwa ni dhuluma. Leo ramli imehamia kwenye kioo cha kompyuta, nasi tunainamisha vichwa vile vile. Mimi sikuinamisha. Nitarudi tena ofisini kwao, na swali langu ni lile lile: mmejuaje?