Kujifunza Kupiga Gita

Watu wa Rungwe ni wapenzi wa muziki tangu zamani. Wamisionari Wamoravian walipofika mwaka 1891 waliwakuta Wanyakyusa na ngoma zao, nao wakaleta nyimbo zao. Na hata leo tarumbeta husikika katika makanisa ya nchi hiyo. Lakini apigaye tarumbeta hujifunza pamoja na wenziwe, na akikosea humrudisha njiani. Ajifunzaye gita mara nyingi hukaa peke yake. Basi imempasa awe mwanafunzi na mwalimu pia.

Gita la Kihispania lina nyuzi sita. Vidole vya mkono wa kushoto hubana nyuzi juu ya shingo yake. Kidole cha gumba na vidole vitatu vya mkono wa kuume huzigusa, kila kimoja kwa zamu yake. Vidole vikizoea, gita moja hutoa sauti ya juu na ya chini pamoja. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye nyimbo zake zilitiwa katika santuri mwaka 1952, alitumia gumba na kidole kimoja tu, naye alisikika kama wapigaji wawili. Kazi hiyo si ya nguvu, ni ya mazoea. Na hapo ndipo penye hatari, maana kidole huzoea kosa upesi kama kizoeavyo jambo jema.

Vijana wengi hudhani ya kuwa bidii ni kupiga wimbo wote kwa haraka, mara kumi. Wakifika penye ugumu hujikwaa, kisha hurudi mwanzo. Hivyo sehemu nyepesi hupigwa mara kumi bila haja, na kosa nalo hupigwa mara kumi, likatia mizizi. Je, mkulima afanya hivyo? Jembe lake likigonga kisiki, harudi kulima tena mwanzo wa tuta. Huinama pale pale akakichimbua, ndipo aendelee.

Vivyo hivyo mwanafunzi mwenye busara huchukua sauti nne au tano zilizomshinda, akazipiga polepole hata zitoke safi, kisha akaziunga na zilizotangulia na zifuatazo. Hujifunza kila siku kwa muda mchache, wala hangoji Jumamosi apige mchana kutwa. Kwa maana vidole vilivyochoka havijifunzi neno.

Mtu atasema, "Kujifunza hivyo kwachosha, wala hakupendezi wasikilizaji." Ni kweli. Lakini Andrés Segovia wa Hispania, aliyezaliwa mwaka 1893 na kufa mwaka 1987, alisifiwa duniani kote kwa gita lake, na hata katika uzee wake hakuacha mazoezi.

Mwanzo wa ngoma ni lele. Asiyetaka kuanza kwa udogo, ajue ya kuwa siku ya sikukuu, mbele ya watu wote, kisiki kile alichokiruka nyumbani ndicho kitakachomwangusha.