Kuku Akikohoa, Antibiotiki Isitangulie

Katika kaya nyingi za Tanzania, kuku wachache wa uani ndio akiba iliyo karibu kuliko zote. Huuzwa mtoto anapohitaji sare ya shule, huchinjwa mgeni anapofika, na mayai yao huwapa watoto wadogo na mama wajawazito protini wasiyoipata kwingine kwa urahisi. Kwa hiyo mwenye kuku anaposikia mmoja wao akikoroma usiku, hofu yake ni halali. Kulipokucha huenda duka la dawa za mifugo, hueleza kwamba kuku wake “wana mafua”, na hurudi na pakiti ya antibiotiki ya kuchanganya katika maji ya kunywa. Hofu inaeleweka, lakini tiba hiyo mara nyingi haina msingi, na madhara yake hayaishii bandani.

Kosa la kwanza limo katika neno lenyewe. “Mafua” ya kuku ni jina moja linalofunika magonjwa mengi. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, huletwa na virusi. Kuku hukohoa na kupumua kwa shida, huharisha kijani, wengine hupinda shingo au kupooza, na kundi lisilochanjwa linaweza kuteketea karibu lote. Hakuna antibiotiki inayoua virusi hivyo. Mafua makali ya kuku, kwa upande wake, huletwa na bakteria. Uso huvimba na kamasi hutoa harufu mbaya. Yupo pia bakteria wa jamii ya mikoplazma, anayesababisha kikohozi cha muda mrefu na kupita hata ndani ya yai kutoka kwa kuku mama hadi kifaranga. Zaidi ya hayo, banda lenye unyevu na kinyesi kilichorundikana hutoa hewa ya amonia, ambayo huunguza njia ya hewa na kuwafungulia mlango vimelea wengine.

Hata pale ambapo bakteria ndiye mhusika, dawa inayotolewa kwa kukisia hufanya kazi nusu. Kuku mgonjwa sana hunywa maji kidogo, hivyo hupata dozi pungufu, ilhali wazima hunywa dawa wasiyoihitaji. Kuku aliyepona mafua makali au mikoplazma anaweza kuendelea kubeba vimelea na kuwaambukiza wenzake. Wakati huohuo mayai huendelea kuliwa na kuuzwa bila kungoja siku zilizoandikwa kwenye lebo, na mabaki ya dawa huingia mezani.

Hapa ndipo suala la kuku linapokuwa suala la wodi za binadamu. Tetrasaiklini zinazotumika kwa kuku ni za jamii ileile inayotumika kwa watu. Tailosini ina undugu na erithromaisini. Enrofloksasini ni ya jamii moja na siprofloksasini, na sehemu yake hugeuka kuwa siprofloksasini ndani ya mwili wa mnyama. Marekani iliruhusu enrofloksasini kwa kuku mwaka 1996. Baadaye bakteria wa kampilobakta, ambao huwaharisha binadamu, walionekana kuzidi kuwa sugu kwa dawa za jamii hiyo, na mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikaiondoa katika ufugaji wa kuku. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022, usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani katika mwaka 2019 pekee. Wagonjwa wa kibinadamu nao hutumia antibiotiki ovyo, na sehemu yao ya lawama ni kubwa. Hilo halimwondolei mfugaji wala muuza dawa sehemu yake.

Nini basi kitangulie? Kuku anayekohoa atengwe siku hiyohiyo, apewe vyombo vyake, na anayewahudumia aanze na wazima, amalizie na mgonjwa, kisha anawe mikono kwa sabuni. Matandazo yaliyolowa yaondolewe. Mwenye banda achuchumae hadi usawa wa kuku na kuvuta hewa wanayovuta. Macho yakimwasha, tiba ya kwanza ni kufungua nafasi ya hewa. Kuku wapya wasichanganywe na wa zamani kabla ya kutengwa kwa wiki mbili au zaidi. Mgonjwa asikimbizwe sokoni, kwani ndiyo njia ya kupeleka ugonjwa kijiji cha jirani.

Kwa kideri, silaha ya kweli ni chanjo iliyotolewa kabla ya ugonjwa. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, hustahimili joto kuliko chanjo nyingi. Hutolewa kwa tone moja la jicho, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne.

Watakuwapo watakaosema kwamba mwenye kuku kumi hana uwezo wa kumlipa daktari wa mifugo, na kwamba pakiti ya dawa ndiyo msaada pekee ulio karibu. Hoja hiyo ni nzito. Lakini chupa moja ya chanjo huwa na dozi za mamia ya kuku. Ni mzigo kwa kaya moja, ila ni mchango mdogo kwa majirani ishirini waliokubaliana siku moja ya kuchanja. Uongozi wa kijiji au mtaa unaweza kuipanga siku hiyo kama unavyopanga siku ya usafi, na afisa mifugo wa kata akahudumia mtaa mzima kwa safari moja.

Kuku wengi wakifa ghafla, uchunaji na uchinjaji usimame na taarifa itolewe mara moja, kwa kuwa kideri na mafua ya ndege haviwezi kutofautishwa kwa macho, na mafua ya ndege yanaweza kumuua binadamu.

Wajibu uliobaki ni wa wataalamu. Muuza dawa aulize dalili, chanjo na idadi ya vifo kabla ya kunyoosha mkono kwenye rafu, na antibiotiki itoke kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Daktari wa binadamu naye, anapokutana na maambukizi yasiyosikia dawa, amuulize mgonjwa kama nyumbani wanafuga kuku na wanawapa nini. Swali hilo huchukua nusu dakika, na kwa sasa ni nadra kuulizwa.