Kura ni Amana: Funzo la Sierra Leone
Ndugu zetu Waislamu, mwaka 1996 waasi wa Sierra Leone waliwakata raia mikono ili wasipige kura. Vita hivyo, vilivyoanza mwaka 1991, vilitangazwa kumalizika Januari 2002. Tarehe 14 Mei mwaka huo huo wananchi walipanga mistari mirefu vituoni, wakiwemo waliokatwa mikono, na Ahmad Tejan Kabbah akachaguliwa tena kuwa Rais.

Hatudai kwamba sanduku la kura huponya kila jeraha. Lakini ikiwa aliyepoteza mkono hakuiacha haki yake, sisi wenye mikono miwili tutatoa udhuru gani? Kura ni amana, na kila amana ina hesabu yake. Tuitekeleze kwa uadilifu, bila ya kuiuza wala kuifanya chanzo cha fitina. Wabillahi tawfiq.