Potifolio ya UX: mwache Jane wa Kilimani, njoo kwenye mizani ya chai

Haya, nimerudi. Samahanini kwa ukimya wa wiki kadhaa. Nilikuwa nyumbani Kipkelion, na mvua ikianza huko stima hupotea, na stima ikipotea mtandao nao hulala. Haya mnayoyasoma niliyaandika kwanza kwenye daftari kwa biro, kama enzi za shule.

Siku ya pili kijana wa jirani alikuja na simu mkononi.

"Mjomba, shikamoo. Niangalizie hii kabla sijaituma tena."

Amesomea usanifu wa UX kupitia mtandao, yaani kazi ya kupanga jinsi mtu anavyoitumia programu, tangu anapoifungua mpaka anapomaliza kile alichokuja kufanya. Mama yake aliuza mtamba ili alipe ada. Ameshaomba kazi zaidi ya thelathini na hajaitwa hata kwa mahojiano ya simu. Kilichokuwa mkononi mwake ndicho anachowatumia waajiri: potifolio.

Nikabonyeza kiungo. Duara likazunguka. Likaendelea kuzunguka. Tukaongea habari za mahindi, duara bado. Picha zake za mwanzo zilikuwa nzito kiasi kwamba zilimaliza bando langu la siku kabla sijaona jina lake. Hapo nilimwambia ukweli: mtu anayeomba kazi ya kurahisishia watu mambo ameshaanguka mtihani kabla hajaulizwa swali.

Ilipofunguka nikakuta miradi mitatu. Spotify imechorwa upya. Programu ya kuagiza kahawa. Programu ya wasafiri. Na kila mradi una mtumiaji wa kubuni: Jane, miaka 28, anaishi Kilimani, anapenda yoga, hana muda.

"Huyu Jane ulikutana naye wapi?"

Akacheka. "Mjomba, huyo tulipewa na mwalimu."

Wasomaji wangu, mimi ni mwandishi wa programu, si msanifu. Lakini nimekaa kwenye meza ya kuchagua wasanifu wa kufanya kazi nasi, na Jane nimekutana naye mara nyingi kuliko binamu zangu. Tukimwona tunafunga ukurasa. Si kwa dharau. Ni kwamba hatujajifunza chochote kuhusu aliyeandika. Na siku hizi akili unde inakutolea skrini kumi nzuri kabla chai haijachemka, kwa hiyo uzuri wa skrini peke yake hauthibitishi mengi. Kuchora upya Spotify ni zoezi zuri la kuzoesha mkono, kama kunakili hati ya mwalimu. Usilete nakala hiyo ukasema ni barua uliyoiandika mwenyewe.

Kesho yake nilimsindikiza mama kituoni kupima majani. Yule kijana alikuwepo, na hapo ndipo nilipoona potifolio yake halisi. Mama mmoja alipokea risiti kutoka kwenye mizani, akaikunjua, akamwita.

"Kijana wangu, kilo zangu za leo ni zipi hapa?"

Kwenye ile risiti kulikuwa na kilo za leo na jumla ya mwezi, zimekaa karibu karibu, kwa herufi za ukubwa mmoja, wino umefifia. Kijana akatoa biro, akazungushia duara kilo za leo, akamrudishia. Akaja mwingine. Duara. Akaja wa tatu. Nikamuuliza ameifanya kazi hii tangu lini.

"Tangu nimalize kidato cha nne."

Nilitaka kumpiga kofi la upendo. Miaka mitatu anaona watu walewale wakikwama mahali palepale kwenye karatasi inayohusu pesa zao, kisha anaenda nyumbani kumchorea Jane kitufe cha kahawa!

Mtasema mwajiri wa Nairobi, achilia mbali wa Berlin, ana habari gani na risiti ya majani chai. Hahitaji kuwa nazo. Chukueni mfano tunaoujua sote. Oktoba 2005 Vodafone na Safaricom walianza kujaribu M-Pesa katika Nairobi na Thika, pamoja na shirika la mikopo midogo la Faulu. Wateja walikuwa kama 500, maduka ya mawakala 8. Wazo la awali lilikuwa watu walipe mikopo yao kwa simu. Lakini waliokuwa wakiangalia waliona watu wakifanya mambo yao mengine. Mmoja anaweka pesa mji mmoja, anasafiri, anazitoa mji wa pili, ili asitembee na fedha mfukoni. Wenye biashara wanazilaza humo usiku kwa sababu benki zimefunga. Wengine wananunua muda wa maongezi na kuwarushia jamaa zao mashambani. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, kilichotangazwa hakikuwa kulipa mkopo. Ilikuwa kutuma pesa nyumbani.

Nick Hughes na Susie Lonie, waliokuwa ndani ya mradi huo, waliyaandika haya mwaka 2007 katika jarida la Innovations, pamoja na yaliyowatatiza. Mimi nayahesabu maandishi yale kuwa mfano mzuri wa ukurasa wa potifolio. Tulidhani hivi, tukaona vile, tukabadilisha hiki. Msomaji wa Marekani ambaye hajawahi kukanyaga Thika anaelewa kila kitu.

Na hauhitaji watu 500. Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba, kwa hesabu yake, ukijaribu na watu watano utaona takribani asilimia 85 ya matatizo ya kutumia kitu. Kituoni pale watano unawapata kabla lori halijafika.

Jambo moja ambalo vijana wengi hulisahau: risiti ya mama wa watu si picha ya kupamba ukurasa. Jina lake, namba yake na mapato yake vinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Omba ruhusa, au chora risiti yako yenye namba za kubuni na useme wazi kwamba ni za kubuni. Mwajiri makini atalitambua hilo pia.

Basi tukakaa jikoni na karatasi za daftari. Hakugusa Figma kwa siku nne. Risiti ya kwanza aliyochora alitenganisha kilo za leo na za mwezi kwa mstari. Akaipeleka kituoni, wawili kati ya watano bado walichanganya. Ya pili akaziandika kilo za leo kubwa sana, juu kabisa. Hiyo alirudi nayo uso umemshuka: mama watatu walidhani ile namba kubwa ni shilingi, na mmoja akaanza kugomba kwamba amepunjwa.

Alitaka kuichana. Nikamshika mkono. Hiyo ya shilingi ndiyo ningependa kuisoma kama ningekuwa mwajiri: picha yake, walichosema akina mama, na mawazo yake usiku ule kuhusu kwa nini walidhani hivyo. Spotify ameiondoa. Picha amezipunguza uzito, na ukurasa sasa unafunguka hata kwenye simu ya mama yangu, ambayo ina umri wa kuanza shule.

Ya tatu ana neno "kilo" limeandikwa kwa urefu kando ya namba, na kachora kagunia kadogo. Anaijaribu Jumatatu. Nilimwachia bando la wiki, nikapanda matatu.